Sura ya Tano: Gemu, Hesabu na Mpaka

Kijana wa Amagoro au Matayos, katika kaunti ya Busia, akimaliza kidato cha nne, akawaambia wazazi kwamba anataka kusomea uundaji wa gemu za video, huulizwa kama siku hizi chuo kikuu kinafundisha watu kucheza. Swali hilo lijibiwe kwa heshima. Mzazi anayelipa karo kwa faida ya mahindi aliyoyanunua Uganda na kuyauza Busia ana haki ya kujua fedha yake inanunua nini.

Jibu langu ni kwamba inanunua hesabu. Anayesomea kuunda gemu anasoma aljebra, trigonometria, fizikia, nadharia ya uwezekano na uandishi wa programu, tena chini ya sharti gumu: kila kitu kifanyike papo hapo, mbele ya macho ya mchezaji, bila kukwama. Sura hii inaeleza masomo hayo yalivyo, yanapopatikana kwa mtu wa Busia au Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, na kwa nini ninaamini kwamba mpaka huu umejaliwa malighafi ya gemu kuliko miji mingi inayouzidi utajiri.

Gemu zilianzia kwa wasomi

Wengi hudhani gemu zilianzia madukani na kwenye vibanda vya PlayStation. Ukweli ni kwamba zilianzia kwa wasomi. Mwaka 1952 A. S. Douglas, mwanafunzi wa uzamifu wa Cambridge, Uingereza, aliandika programu ya mchezo wa sifuri na misalaba kwenye kompyuta iliyoitwa EDSAC, ikawa sehemu ya utafiti wake kuhusu jinsi binadamu anavyowasiliana na mashine. Mwaka 1958 mwanafizikia William Higinbotham aliunda mchezo wa tenisi katika maabara ya Brookhaven, Marekani, ili wageni waliotembelea maabara wapate jambo la kuwavutia. Mwaka 1962 Steve Russell na wenzake wa MIT walikamilisha Spacewar!, ambamo vyombo viwili vya angani vinapigana huku nyota iliyo katikati ikivivuta. Ukiifungua gemu hiyo unakuta kanuni za Newton zimeandikwa kwa lugha ya kompyuta.

Shahada zilichelewa sana kufuata. Chuo Kikuu cha Abertay, mjini Dundee, Uskoti, kilianzisha shahada ya teknolojia ya gemu za kompyuta mwaka 1997. DigiPen, chuo kilichoanzia Vancouver, Kanada, kilifungua milango yake Redmond, Marekani, mwaka 1998 na kuanza kutoa shahada ya fani hiyo. Kwa miongo minne kabla ya hapo, gemu ziliundwa na watu waliosomea fizikia, uhandisi na hisabati, au waliojifunza wenyewe usiku baada ya kazi.

Afrika Mashariki imepita njia hiyohiyo. Mkenya Wesley Kirinya alikamilisha The Adventures of Nyangi, gemu ya pande tatu, mwaka 2007. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha Leti Arts, kampuni inayogeuza mashujaa wa hadithi za Kiafrika kuwa gemu na vibonzo. Mwaka 2015 Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, ambamo viumbe kutoka sayari nyingine wanauvamia mji mkuu wa Kenya. Kampala, kampuni ya Kola Studios iliuchukua mchezo wa karata unaopendwa sana Uganda, matatu, ikauingiza kwenye simu. Waliofungua njia hii hawakungoja chuo kiwaandikie shahada yenye neno gemu. Walikusanya ujuzi uliohitajika popote walipoupata, wakamaliza kazi waliyoianza.

Vyuo vilivyo karibu

Barabara ya kutoka Busia hadi Malaba ina urefu wa kama kilomita 30. Ukiifuata kutoka Busia, baada ya muda mfupi unafika Alupe, mahali palipojulikana kwa miaka mingi kwa hospitali ya wagonjwa wa ukoma na kwa utafiti wa tiba. Leo hapo pana Chuo Kikuu cha Alupe, kilichoanza mwaka 2015 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi na kupewa hati ya kujitegemea mwaka 2022. Bungoma kuna Kibabii, kilichopata hati mwaka 2015. Kakamega kuna Masinde Muliro, chuo kikuu kamili tangu mwaka 2007, na kwenye barabara ya Kisumu kuna Maseno. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Busia ya Uganda, kuna Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, ambacho hufundisha uhandisi wa kompyuta.

Kwenye vyuo hivi tafuta masomo ya sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari au uhandisi, wala usivunjike moyo kwa kutoona neno gemu kwenye jina la shahada. Kabla ya kujaza chaguo lako kwa KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, pata orodha ya masomo ya miaka yote minne, uikague kwa maswali haya. Je, kuna aljebra ya vekta na matriksi? Kuna uwezekano na takwimu? Kuna miundo ya data na algoriti? Kuna michoro ya kompyuta, mitandao, na akili unde? Chuo chenye masomo hayo sita, na chenye wahadhiri wanaoyafundisha kwa dhati, kinakufaa kuliko chuo chenye jina tamu na hesabu nyepesi.

Nairobi zipo taasisi kama ADMI zinazofundisha uundaji wa gemu kwa njia ya vitendo na kwa muda mfupi zaidi. Ni njia halali, hasa kwa mtu anayependa uchoraji na usanifu. Ila kwa anayetaka kuandika programu, na anayetaka mlango wa pili ubaki wazi iwapo kazi ya gemu haitapatikana haraka, ninasimama na shahada ya sayansi ya kompyuta. Na matayarisho yake huanza shuleni: alama nzuri za hisabati na fizikia katika mtihani wa KCSE ndizo zinazofungua mlango huo, na ukishaingia ndizo zitakazokuwezesha kubaki ndani.

Picha sitini kwa sekunde

Kiini cha gemu yoyote ni mzunguko mmoja. Programu inasoma alichobonyeza mchezaji, inahesabu mabadiliko ya dunia ya gemu, inachora picha mpya, kisha inarudi mwanzo. Gemu nyingi hulenga picha 60 kwa sekunde. Gawanya sekunde kwa 60 na utapata milisekunde 16.7. Katika muda huo mfupi lazima kila gari lisogee, kila ukuta uangaliwe kama umegongwa, kila mhusika aamue la kufanya, na picha nzima ichorwe. Hesabu ikichukua milisekunde 20, picha inachelewa na mchezaji anahisi gemu inakwama.

Hapa ndipo mwanafunzi anapokutana na kosa lake la kwanza la maana. Tuseme anaunda gemu ya boda boda, biashara iliyozaliwa hapahapa Busia kwa baiskeli zilizovusha abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Anaandika kwamba baiskeli isogee nukta 5 kila picha inapochorwa. Kwenye simu inayochora picha 60, baiskeli inakwenda nukta 300 kwa sekunde. Kwenye simu ya bei nafuu inayochora picha 30, inakwenda nukta 150. Gemu ni ileile, baiskeli ni ileile, lakini mwenye simu nzuri anakimbia mara mbili. Dawa yake ni fizikia ya sekondari: umbali ni kasi mara muda. Programu ipime muda uliopita tangu picha ya mwisho, izidishe kwa kasi ya nukta 300 kwa sekunde, ndipo isogeze baiskeli. Simu zote mbili sasa zinafika pamoja.

Ukiongeza kona unahitaji sini na kosini. Ukiongeza mlima unahitaji vekta za nguvu. Ukitaka kamera izunguke baiskeli unahitaji matriksi. Ukitaka mpinzani anayejitafutia njia kupita vichochoro vya mitaa ya Marachi au Sofia, Busia, unahitaji algoriti ya kutafuta njia fupi. Edsger Dijkstra alichapisha ya kwake mwaka 1959, na Hart, Nilsson na Raphael wakachapisha A* mwaka 1968, ambayo bado inatumika kwenye gemu nyingi hadi leo. Mwanafunzi aliyeuliza darasani faida ya matriksi anaipata siku hiyo kwenye skrini yake mwenyewe, na sijaona mwalimu wa hesabu mwenye nguvu kama hiyo.

Kadi ya Kenya, matatu ya Uganda

Mradi wa kwanza ninaompendekezea mwanafunzi wa mpakani ni mchezo wa karata unaochezwa pande zote mbili chini ya sheria zinazotofautiana. Upande wa Kenya, katika kadi, mwenye 2 au 3 humlisha mwenzake karata mbili au tatu, joka humlisha tano, J humruka anayefuata, K hurudisha mchezo nyuma, Q na 8 ni maswali yanayodai jibu, na A hubadilisha aina. Anayekaribia kumaliza sharti atangaze "niko kadi", la sivyo hawezi kushinda. Upande wa Uganda, katika matatu, kila mchezaji huanza na karata saba, 8 na J humruka anayefuata, na karata ya 7 ya aina iliyofunuliwa mwanzoni hukata mchezo papo hapo. Karata za mkononi zinahesabiwa pointi, na mwenye chache ndiye mshindi. Ndani ya Kenya kwenyewe, kila mtaa una marekebisho yake.

Mwandishi wa programu akiangalia hali hiyo anaona somo kubwa la usanifu. Akizitia sheria za Kenya kila mahali ndani ya programu, siku atakapotaka kuongeza za Uganda atalazimika kuibomoa yote. Anachopaswa kufanya ni kutenganisha meza na sheria. Meza inajua tu ni zamu ya nani, karata gani iko juu, na nani ana nini mkononi. Sheria zinakaa kando, zikiulizwa swali moja: karata hii ikichezwa sasa, nini kifuate? Hapo mchezaji wa Malaba na wa Tororo wanaweza kukubaliana kabla ya kuanza ni sheria za upande gani zitumike. Usanifu huohuo ndio unaotumika kwenye mifumo ya benki, ya kodi na ya forodha, ambako sheria hubadilika kila bajeti ikisomwa.

Kisha kuna kuchanganya karata. Wanaoanza wengi hufanya hivi: wanapitia kila karata na kuibadilishana nafasi na nyingine yoyote iliyookotwa kwa bahati. Inaonekana sawa, lakini si haki. Jaribu na karata tatu tu. Kila hatua ina chaguo tatu, kwa hiyo njia zote ni 3 × 3 × 3, yaani 27. Mipangilio inayowezekana ya karata tatu ni 6. Namba 27 haigawanyiki sawasawa kwa 6, kwa hiyo lazima mipangilio fulani itokee mara nyingi kuliko mingine. Njia ya haki ilielezwa na Ronald Fisher na Frank Yates mwaka 1938, na Richard Durstenfeld akaipa umbo la kompyuta mwaka 1964: karata ya mwisho ibadilishane na yoyote kati ya tatu, ya pili na yoyote kati ya mbili zilizobaki, basi. Njia ni 3 × 2 × 1, yaani 6, na kila mpangilio una nafasi sawa. Mistari mitano ya programu inatenganisha mchezo wa haki na mchezo ulioinama upande mmoja bila mtu kujua.

Mchezo ukiingia kwenye mtandao, linazuka suala la uaminifu. Simu yako isitumiwe kamwe karata za mpinzani wako, hata kama skrini inazificha, kwa sababu mjuzi atazisoma. Seva ndiyo ishike karata zote na kumpa kila mmoja zake tu. Na kwa kuwa ujumbe unaosafiri hadi seva ya mbali na kurudi unaweza kuchukua milisekunde 150, sawa na picha tisa za gemu, mchezo wa zamu kama kadi unavumilia pale mchezo wa mpira ungeharibika. Ndiyo maana ninasema mwanafunzi aanze na karata. Simu yenye laini za nchi mbili, ambayo ni kitu cha kawaida Busia, inampa uwanja wa majaribio ambao mwanafunzi aliye mbali na mpaka hana: gemu inafanya nini mtandao wa Kenya unapopotea na ule wa Uganda unaposhika?

Foleni ya Malaba

Kila anayeishi Malaba anaijua foleni ya matrela. Januari 2022, madereva walipogoma kwa sababu ya ada ya kupimwa COVID-19 upande wa Uganda, foleni hiyo ilienea kwa makumi ya kilomita ndani ya Kenya. Wafanyabiashara wa Kampala, Kigali na Juba waliihisi madukani mwao.

Foleni ni somo la hesabu lenye zaidi ya miaka mia moja. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark, alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu msongamano wa simu mwaka 1909. Alitaka kujua kampuni ya simu inahitaji laini ngapi ili wateja wasisubiri mno. Ukiweka matrela mahali pa simu, hesabu yake inatufaa hapa.

Tuchukue mfano wa darasani wenye namba nilizozibuni. Matrela 40 yanafika kwa saa, kwa nyakati zisizotabirika, na dirisha moja linaweza kuhudumia 45 kwa saa. Kanuni rahisi inasema wastani wa muda ambao trela linakaa pale, kusubiri pamoja na kuhudumiwa, ni moja kugawanywa kwa tofauti ya kasi hizo mbili: 1 ÷ (45 − 40), yaani saa 0.2, ambayo ni dakika 12. Kwa wastani matrela 8 yapo eneo hilo. Sasa mashine moja ya ukaguzi iwe nzito kidogo, huduma ishuke hadi 42 kwa saa. Muda unakuwa dakika 30, na matrela 20. Ishuke hadi 41: saa nzima, na matrela 40. Huduma imepungua kwa chini ya asilimia 9, ilhali muda umeongezeka mara tano. Ikishuka hadi 40, foleni haina mwisho tena, inaendelea kukua kadiri siku zinavyopita.

Ukisoma namba hizo kitabuni unazisahau. Lakini hebu uziweke kwenye gemu ambayo mchezaji ni msimamizi wa kituo: anaamua madirisha mangapi yafunguliwe, mizigo ipi ikaguliwe kwa kina, malori ya mafuta yapewe njia yake au yapangwe na mengine, madereva wapumzike wapi usiku. Mchezaji akijaribu kuokoa mshahara wa mfanyakazi mmoja anaona barabara nzima ikiziba mbele yake. Baada ya nusu saa ya kucheza, kijana wa sekondari ameelewa jambo ambalo wengi huondoka chuoni bila kulielewa: mfumo unaofanya kazi karibu na kikomo chake huvunjika kwa kusukumwa kidogo tu. Mwanafunzi anayeunda gemu hiyo kama mradi wa mwaka wa nne atakuwa amefanya utafiti wa foleni, uigaji wa matukio, na usanifu wa programu kwa pamoja. Hakuna msimamizi wa tasnifu mwenye haki ya kumwambia huo ni mchezo wa watoto.

Mpaka wenyewe

Mwaka 2013 Mmarekani Lucas Pope, aliyekuwa akiishi Japani, alitoa gemu iitwayo Papers, Please. Mchezaji ni afisa wa uhamiaji katika nchi ya kubuni. Anakagua pasipoti, analinganisha picha na uso, anatafuta muhuri bandia, na jioni analipwa kulingana na idadi ya watu aliowahudumia bila kosa. Familia yake inahitaji chakula na joto. Wanaokuja dirishani wana machozi, hongo na uongo. Wazo lilimjia kutokana na safari zake kwenye viwanja vya ndege. Aliiunda karibu peke yake, kwa picha sahili, nayo ikashinda tuzo na kununuliwa na mamilioni.

Pope aliujua mpaka kwa kupita. Kijana wa Busia anaujua kwa kuishi. Anajua kwamba tangu mwaka 2014 Mkenya na Mganda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Anajua kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi na marais wa nchi hizi mbili mwaka 2018, ambako anayetoka Kenya hupita moja kwa moja hadi upande wa Uganda na kuwakuta maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Anajua utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaomrahisishia karatasi mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, na anajua pia kwa nini wengine bado hupita njia za panya. Amewaona watu wenye ulemavu wakivusha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, wamegeuza chombo cha kuwasaidia kutembea kuwa chombo cha riziki. Amewaona wabadilishaji fedha wakifanya hesabu ya shilingi mbili kichwani haraka kuliko kikokotoo. Ana ndugu wa Kiteso au wa Kisamia pande zote mbili, kwa sababu mstari huu uliwekwa na wakoloni juu ya watu waliokuwa tayari wakiishi pamoja.

Maisha hayo yana kila kinachohitajika na gemu: sheria, uchaguzi, hatari, na gharama ya kila uamuzi. Nina ombi moja tu kwa atakayeyatumia. Usiwageuze watu wa mpakani kuwa vichekesho au wahalifu. Keti na mama anayevusha mayai, umsikilize, umuulize ni saa ngapi anaamka na ni nini kinamuumiza kichwa, kisha umwonyeshe gemu kabla ya kuitoa. Ukihitaji muziki, wapo wapigaji wa ala za akogo na adeudeu katika nchi ya Wateso. Warekodi kwa ruhusa, uwalipe, na uandike majina yao mwishoni mwa gemu kama wanavyoandikwa waandishi wa programu.

Zana, fedha na kazi

Zana za kuanzia hazina bei. Injini (yaani programu ya kuundia gemu) ya Godot, iliyoanzishwa na Waajentina Juan Linietsky na Ariel Manzur na kufunguliwa kwa umma mwaka 2014, ni ya bure kabisa, na faili lake ni dogo kiasi kwamba unaweza kulipakua bila kumaliza bando la mwezi. Hufanya kazi hata kwenye kompyuta ya mkononi ya zamani. Blender ni ya bure kwa michoro ya pande tatu, na Krita kwa uchoraji. Injini ya Unity inatumika sana na waajiri, lakini mwaka 2023 wamiliki wake walitangaza ada mpya iliyowakasirisha waundaji duniani kote, wakaifuta mwaka uliofuata. Somo lake ni kujua misingi vizuri kiasi cha kuweza kuhama injini bila kuanza upya.

Kuuza nako kuna gharama zinazojulikana. Akaunti ya kuchapisha kwenye Google Play hulipiwa dola 25 mara moja. Steam hutoza dola 100 kwa kila gemu. Tovuti ya itch.io haitozi chochote kuweka kazi yako. Kwa mwanafunzi, itch.io ndipo pa kuanzia.

Kuhusu kazi, nitasema wazi. Kampuni za gemu Afrika Mashariki ni chache na nyingi ni ndogo. Wahitimu wengi watapata mshahara wao wa kwanza kwenye programu za benki, simu, hospitali au serikali, na gemu wataiendeleza jioni. Hilo si hasara. Aliyezoea kumaliza hesabu zake ndani ya milisekunde 16 ataandika programu ya benki isiyokwama.

Kuna mwajiri mmoja atakayekuja mapema na fedha nyingi, naye ni biashara ya kamari. Wazazi wengi wanaposikia neno gemu huwaza kamari za simu, na wana sababu. Hapa hesabu ya uwezekano inamsaidia kijana kuamua. Mchezo wa kubahatisha unaotangaza kurudisha asilimia 97 unaonekana mkarimu. Lakini mtu akiweka shilingi 100 na kuweka tena yote anayopata kila raundi, baada ya raundi 50 wastani uliobaki ni 100 ikizidishwa kwa 0.97 mara hamsini mfululizo, yaani kama shilingi 22. Nyingine zote zimekwenda kwa mwenye mchezo. Msomi anayeijua hesabu hiyo na bado akaipamba kwa rangi ili ivutie vijana wa mtaani kwao ameutumia vibaya ujuzi alioupata kwa karo ya wazazi.

Miaka minne

Mwaka wa kwanza, unda gemu tatu ndogo mno na uzimalize: sifuri na misalaba, nyoka, na moja ya mpira unaodunda. Kumaliza ni ujuzi unaojitegemea, na wengi huhitimu bila kuwa nao. Mwaka wa pili, unda kadi na matatu kwa sheria zinazobadilishika. Mwaka wa tatu, tafuta mchoraji, mwanamuziki na mwandishi wa hadithi kutoka vitivo vingine, muunde pamoja, kwa sababu gemu nzuri ni kazi ya timu. Mwaka wa nne, peleka foleni ya Malaba au soko la Busia kwa msimamizi wako kama mradi wa kuhitimu, ukiwa na maswali ya utafiti, vipimo na majaribio kwa wachezaji halisi.

Kwa wahadhiri wa Alupe, Kibabii, Masinde Muliro, Maseno na Busitema, ninaomba jambo moja lisilohitaji bajeti mpya: ukubalini mradi wa gemu kuwa mradi kamili wa kuhitimu, na muupime kwa ukali uleule mnaoupimia mfumo wa hospitali. Kwa mzazi ninasema, ukimwona mwanao akikesha na vekta ili baiskeli ya kuchora ipinde kona vizuri, mwache akeshe, maana anasoma hesabu. Na kwako kijana wa Busia au Malaba: chukua shahada yenye hesabu nzito, maliza gemu ndogo kabla ya kuota kubwa, na andika mpaka wako wewe mwenyewe kabla hajaja mtu wa mbali kuuandika kwa niaba yako.